Kuzima kompyuta kwa amri hakuui diski. Kinachoua ni haraka

*"Nina saiba ndogo hapa Umoja, kompyuta nane za Windows 10 na seva moja ya Ubuntu inayoweka hesabu za wateja kwenye hifadhidata ya MariaDB. Kila siku saa tatu usiku nilikuwa nikizima moja moja kwa mkono. Kijana fulani akanitengenezea faili ya bat yenye amri shutdown /s /f /t 0, nikaiweka kwenye kila mashine. Juzi mhudumu akaibofya kabla mteja hajahifadhi CV yake, ikapotea yote. Seva nayo ikizimwa huandika 'A stop job is running' halafu inahesabu hadi dakika moja na nusu, kwa hivyo tumezoea kushikilia kitufe cha pawa mpaka izime. Fundi wangu anasema mambo ya amri yanaua diski, nirudi kuzima kwa mausi. Lakini nimegundua kwamba nikizima kwa mausi, printa iliyogoma jana hugoma na leo, nikiristati inakubali. Je, amri zinaharibu mashine kweli? Na naweza kuzima zote nikiwa kaunta bila kuharibu kazi ya mtu?"*

Nianze na hofu kubwa. Hapana, amri ya kuzima haiharibu diski. Ukibofya "Shut down" kwa mausi au ukiandika amri kwenye dirisha jeusi (Command Prompt), kwa upande wa diski Windows inafanya kazi ileile: inaziaga programu, inasimamisha huduma, inamalizia kuandika kilichobaki kwenye diski, kisha inakata umeme. Kilichokuumiza ni vitu viwili vingine kabisa. Cha kwanza ni herufi f iliyo katikati ya amri yako. Cha pili ni kidole kinachoshikilia kitufe cha pawa cha seva. Cha kwanza kilimpotezea mteja CV. Cha pili bado hakijakupotezea kitu, na ningependa ukiache kabla hakijafanya hivyo.

Ili uone kwa nini, inabidi tuangalie data iko wapi mtu anapofanya kazi. CV ambayo haijahifadhiwa iko kwenye RAM, kumbukumbu ya muda, peke yake. Umeme ukikatika, imekwenda. Lakini hata iliyohifadhiwa haifiki kwenye diski papo hapo. Mfumo huiweka kwanza kwenye kumbukumbu ili mtumiaji asisubiri, kisha huiandika kwa mafungu. Kwenye Linux, kwa mpangilio wa kawaida, data ya namna hiyo inaweza kukaa kama sekunde 30 kabla ya kusukumwa kwenye diski, ila programu yenyewe iombe iandikwe mara moja. Diski nayo ina kumbukumbu yake ndogo ya ndani. Kuzima vizuri maana yake ni kumaliza foleni hiyo yote. Kukata umeme ni kuacha foleni ilipofika.

Sasa upande wa Windows. Ukiamuru kuzima, kila programu iliyo wazi inaulizwa kama iko tayari kufungwa, na inapewa kama sekunde 5 kujibu kabla ya kuhesabiwa kuwa imekwama. Word yenye kazi ambayo haijahifadhiwa hujibu kwamba bado. Hapo skrini hubadilika rangi, inakuonyesha jina la programu inayozuia, na kungoja uamue. Herufi f inaiondolea programu haki hiyo ya kusema bado. Programu inafungwa, na kilichokuwa ndani kinaondoka nayo.

Kuna jambo hapa ambalo hata mafundi wengi hawalijui. Ukiweka muda wowote unaozidi sifuri, Windows inahesabu kwamba f iko ndani hata kama hukuiandika. Kwa hivyo amri hizi tatu zinafanana kwa macho lakini si sawa:

shutdown /s /t 0
shutdown /s /f /t 0
shutdown /s /t 600

Ya kwanza inazima sasa hivi, lakini inaziuliza programu na kungoja kazi ambayo haijahifadhiwa. Ya pili ndiyo mliyokuwa mkitumia; inazima sasa hivi bila kuuliza mtu. Ya tatu inatoa onyo, inangoja sekunde 600, yaani dakika 10, kisha inafunga kila kitu kwa nguvu. Ukiacha /t kabisa, muda wa kawaida ni sekunde 30, na hiyo nayo ni zaidi ya sifuri, kwa hivyo f imo. Hesabu ya Windows ni ya sekunde. Mtu anayeandika /t 10 akidhani ni dakika atashangaa.

Kwa kompyuta yako mwenyewe, tumia ya kwanza. Kwa saiba, tumia ya tatu pamoja na ujumbe, kwa sababu mteja anapata nafasi ya kumaliza na wewe una uhakika kwamba mashine haitabaki ikingoja usiku kucha mbele ya kisanduku kinachouliza "Save?":

shutdown /s /t 600 /c "Tunafunga baada ya dakika 10. Tafadhali hifadhi kazi yako sasa."

Ujumbe wa /c unaruhusiwa hadi herufi 512, lakini mfupi ndio unaosomwa. Onyo hilo ni la kumsaidia mhudumu, halichukui nafasi yake. Apite meza kwa meza, hasa kwa mteja anayejaza fomu kwenye kivinjari, maana fomu ya tovuti haina "Save" kama Word, na eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, ikikatizwa katikati mteja mara nyingi huanza upya.

Mteja akiomba dakika zaidi, mhudumu aandike shutdown /a kwenye mashine hiyohiyo. Hesabu inasimama. Ukitaka kuongeza muda huwezi kuandika amri mpya juu ya ile ya zamani. Utapata kosa namba 1190, linalosema kwamba kuzima kumeshapangwa. Futa kwanza kwa /a, ndipo upange upya. Ukipata 1116, maana yake hapakuwa na kitu cha kufuta. Usipate hofu ukiziona namba hizo.

Na kuhusu ile faili ya bat, usiipe jina shutdown.bat hata siku moja. Dirisha jeusi hutafuta kwanza ndani ya folda lilimo, kwa hivyo neno shutdown lililo ndani ya faili litaiita faili hiyohiyo badala ya programu ya Windows. Itajiita tena na tena, mistari itapanda skrini bila mwisho, na kompyuta haizimi. Iite funga.bat.

Sasa printa. Ulichokiona ni kweli kabisa, na ndicho kinachonifanya nikatae ushauri wa kurudi kwenye mausi tu. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kwa mpangilio wa kawaida, kubofya "Shut down" hakuzimi kila kitu. Windows humtoa mtumiaji na kufunga programu zake, lakini kiini chake pamoja na viendeshi (drivers) vya vifaa kinahifadhiwa kwenye diski ndani ya faili iitwayo hiberfil.sys. Asubuhi inakirudisha kilivyokuwa, ndiyo maana inawaka haraka. Kiendeshi cha printa kilicholala kimekwama huamka kimekwama. "Restart" haitumii njia hiyo ya mkato. Inaanza upya kabisa, na printa inapata nafasi ya pili.

Amri shutdown /s nayo inazima kabisa, bila kuhifadhi kiini. Ili ifanye kama mausi ingebidi uongeze /hybrid. Kwa hiyo katika hili amri inakupa kuzima kulikokamilika kuliko menyu. Ukitaka kuhakikisha, fungua Task Manager, nenda "Performance", bofya "CPU", utazame "Up time". Kwenye mashine inayozimwa kwa mausi kila siku utakuta saa zimejumlishana siku nyingi kana kwamba haijawahi kuzimwa.

Ukitaka tabia hiyo iondoke moja kwa moja, fungua dirisha jeusi kwa "Run as administrator" uandike:

powercfg /h off

Hiberfil.sys inafutika na unarudishiwa gigabaiti kadhaa za diski. Gharama yake ni kwamba kuwaka kutachukua muda zaidi. Kwenye mashine za mtumba zenye diski ya kuzunguka, za aina inayouzwa kwa wingi katikati ya jiji, utausikia ucheleweshaji huo. Kwenye SSD ni sekunde chache tu. Kwa kompyuta za mezani za saiba ningeizima bila kusita. Kwa laptopu nisingeizima, kwa sababu betri inapokaribia kuisha hiyo hiberfil.sys ndiyo inayookoa kazi iliyo wazi.

Tuje kwenye kaunta. Una njia mbili, na nitakuambia wazi ninayoipendelea.

Njia ya kwanza ni kila kompyuta ijizime yenyewe kwa saa uliyopanga. Andika ile amri ya sekunde 600 ndani ya funga.bat, uweke faili hiyo ndani ya C:\Windows, kisha kwenye kila mashine, ukiwa msimamizi, uandike mara moja tu:

schtasks /create /tn FungaSaiba /tr C:\Windows\funga.bat /sc daily /st 20:50 /ru SYSTEM

Saa hapo ni za mzunguko wa 24, kwa hivyo 20:50 ni saa tatu kasoro dakika kumi usiku. Dakika 10 za onyo zinaishia saa tatu kamili. Nimetaja C:\Windows kwa sababu. Folda mpya unayoifungua moja kwa moja ndani ya C:, kwa ruhusa za kawaida, inaweza kuandikwa na mtumiaji yeyote aliyeingia. Kazi hii inaendeshwa na akaunti ya SYSTEM, ambayo ina mamlaka kuliko hata msimamizi. Mteja mwenye ujuzi kidogo angebadilisha yaliyomo kwenye faili na saa 20:50 mashine yako ingemtii yeye. Ndani ya C:\Windows, mtumiaji wa kawaida hawezi kuigusa. Hii inadhania kwamba wateja hawatumii akaunti ya msimamizi. Kama wanaitumia, anza kwa kurekebisha hilo kabla ya jambo lingine lolote katika jibu hili.

Siku ambazo hutaki kufunga mapema, kwa mfano wiki ya mwisho ya Juni watu wanapojazana kuwasilisha ritani za KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, kabla ya tarehe 30, sitisha kazi hiyo:

schtasks /change /tn FungaSaiba /disable

Ukimaliza msimu, rudia ukiweka /enable.

Njia ya pili ni kutuma amri kutoka kaunta kwenda kwa kila mashine kupitia mtandao. Unaanza kwa kuandika hostname kwenye kila kompyuta ili ujue jina lake, kisha kaunta:

net use \\PC03\IPC$ /user:PC03\msimamizi *
shutdown /s /m \\PC03 /t 600 /c "Tunafunga baada ya dakika 10."

Nyota ya mwisho kwenye mstari wa kwanza inafanya uulizwe nenosiri badala ya kuliandika likaonekana. Kwa mashine zote nane unaweza kuweka mzunguko ndani ya faili ya bat, ukiandika alama ya asilimia mara mbili na kuongeza majina mengine ndani ya mabano:

for %%k in (PC01 PC02 PC03) do shutdown /s /m \\%%k /t 600

Njia hii inavutia, lakini ndipo watu wengi hukwama. Kosa namba 53 maana yake mashine haikupatikana: imezimwa tayari, jina limekosewa, au ngome (firewall) ya Windows imeziba njia. Kwenye mipangilio ya juu ya ngome hiyo kuna kanuni iliyo tayari iitwayo "Remote Shutdown". Iwashe kwa mtandao wa ndani peke yake. Kosa namba 5, "Access is denied", huja hata ukiwa umeweka nenosiri sahihi. Sababu ni kwamba kompyuta zisizo kwenye domeini, yaani zisizosimamiwa kwa pamoja na seva moja, hupunguza mamlaka ya msimamizi anayeingia kutoka mashine nyingine. Mtandaoni utaona ushauri wa kuingia kwenye rejista na kuweka LocalAccountTokenFilterPolicy iwe 1. Inafanya kazi, ndiyo. Lakini umeondoa kinga iliyowekwa makusudi, na saiba ni mahali ambapo flashi za watu wasiojulikana huchomekwa kutwa. Kama mashine zote nane zina msimamizi mwenye nenosiri moja, kirusi kilichoingia PC03 kina barabara wazi hadi kaunta.

Kwa sababu hiyo ninakushauri uchukue njia ya kwanza. Ya pili ingekuwa na maana kama ungekuwa na kompyuta hamsini na mtu wa kuangalia mtandao wake.

Sasa seva, ambayo ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi.

Yale maneno "A stop job is running" si kosa. Ubuntu inasimamia huduma zake kwa systemd. Ukiamuru kuzima, systemd inatuma kwa kila huduma ishara ya kuiomba imalize kazi na kutoka. Kama huduma haijatoka, inangojewa. Muda wa kawaida ni sekunde 90, ndiyo dakika moja na nusu yako. Zikipita, huduma inauawa kwa ishara isiyokataliwa, na kuzima kunaendelea. Huduma nyingine zina muda wao wenyewe, na hifadhidata huwa na mrefu zaidi, kwa sababu nzuri. Kwa hivyo ukiona hesabu inapanda, mashine inakuambia nani anayesubiriwa. Kushikilia kitufe wakati huo ni kumkata mtu kauli akiwa katikati ya sentensi ya mwisho, na mara nyingine sentensi hiyo ni mauzo ya siku.

Kuna tofauti kubwa kati ya kubonyeza kitufe cha pawa na kukishikilia. Ukibonyeza mara moja na kuachia, kitufe kinatuma ombi tu. Kwa seva ya Ubuntu, ombi hilo huanzisha kuzima kwa kawaida, hatua kwa hatua. Ukishikilia sekunde 4 au zaidi, ubao mama unakata umeme bila kuuliza mfumo. Mwambie mhudumu abonyeze na kuachia. Hiyo peke yake itapunguza hatari kwa sehemu kubwa.

Je, mlivyokuwa mkikata mmeshaharibu? Pengine hapana. Ext4, mfumo wa faili wa Ubuntu, huandika kwanza kwenye jarida lake mabadiliko inayotaka kufanya kwenye mpangilio wa faili, na ikikatizwa inalisoma inapowaka na kujirekebisha. Jedwali za aina ya InnoDB ndani ya MariaDB zina ulinzi wa namna hiyohiyo. Jedwali za zamani za aina ya MyISAM hazina, na huharibika kwa urahisi. Na ulinzi wote huo unategemea diski kusema kweli inapodai imeandika. SSD za bei rahisi zisizo na akiba ya umeme ndani yake haziaminiki sana katika hilo. Kwa hiyo chukua nakala leo, kabla ya kujaribu kitu kingine, kisha ukague jedwali:

sudo mysqldump --all-databases > hesabu.sql
sudo mysqlcheck --all-databases

Kila jedwali litajibiwa OK au litatajwa kosa lake. Iweke nakala nje ya seva.

Ili kumjua anayechelewesha, washa seva, kisha usome kumbukumbu za mara ya mwisho ilipokuwa imewashwa:

journalctl -b -1 | grep -i "timed out"

Utaona mstari wenye jina la huduma na maneno "State 'stop-sigterm' timed out. Killing." Jina hilo ndilo la kushughulikia. Lakini kama mmekuwa mkikata umeme kabla ya sekunde 90 kuisha, mstari huo hautakuwepo, kwa kuwa systemd haikufika hapo. Kwa usiku mmoja, acheni imalize yenyewe.

Kwa saiba, nina mshukiwa mmoja wa kuangalia kabla ya wengine: folda ya mtandao. Kama seva yako inanakili hesabu kwenye folda iliyo kwenye kompyuta ya kaunta, na kompyuta hiyo au swichi ilizimwa kwanza, seva hubaki ikiita mashine isiyojibu. Dawa yake ni mpangilio tu. Zima kompyuta za wateja kwanza, kwa sababu ndizo zinazoitegemea seva. Kisha seva. Kisha ya kaunta. Swichi na ruta mwisho kabisa. Wengi huanza kwa kuchomoa ruta ili wateja waelewe kwamba tumefunga, halafu wanashangaa seva ikichelewa.

Watakuambia pia upunguze ule muda kwa kubadilisha DefaultTimeoutStopSec. Usifanye hivyo kwa mfumo mzima wenye hifadhidata. Ukishajua huduma moja inayosumbua na una uhakika haihifadhi data, punguza yake peke yake: andika sudo systemctl edit pamoja na jina lake, chini ya [Service] uweke TimeoutStopSec=20s.

Amri zenyewe za kuzima seva ni hizi:

sudo shutdown -h +5 "Seva inazimwa baada ya dakika 5"
sudo shutdown -c
sudo shutdown -r now

Ya kwanza inazima, ya pili inafuta mpango, ya tatu inawasha upya. Angalia mambo mawili yanayowachanganya wanaotoka Windows. Hapa hesabu ni ya dakika, si sekunde, na ukiacha muda kabisa Ubuntu inachukua dakika moja. Na -h ya Linux ni kuzima, wakati /h ya Windows ni kulaza mashine huku kazi ikiwa wazi. Kama unaingia kwenye seva kwa ssh ukiwa kaunta, andika hostname kabla ya kuamuru. Dirisha mbili zinazofanana zimewafanya watu wazime mashine wasiyoikusudia.

Ukiwa na wasiwasi na hifadhidata, isimamishe kwanza wewe mwenyewe:

sudo systemctl stop mariadb
systemctl is-active mariadb

Ikijibu "inactive", hesabu ziko salama kwenye diski, na unaweza kuzima ukiwa mtulivu hata kama kuna kingine kitakachovuta muda. Amri reboot -f iachie dharura: hairuhusu huduma kusimama kwa mpangilio wake, na ukiandika -f mara mbili hata mifumo ya faili haifungwi.

Na kama seva imeganda kabisa, kibodi haijibu na kitufe kimebonyezwa bila mafanikio? Kabla ya kukishikilia, shikilia Alt pamoja na kitufe cha SysRq, ambacho mara nyingi ni kilekile cha PrtSc, kisha ubonyeze S, ungoje sekunde chache, U, ungoje tena, halafu O. S inasukuma data kwenye diski, U inafunga mifumo ya faili isiandikwe tena, O inakata umeme. Ukitaka iwake upya, badala ya O bonyeza B. Ubuntu inaruhusu herufi hizo kwa mpangilio wake wa kawaida.

Yote haya hayasaidii stima ikipotea ghafla, na Nairobi hilo halihitaji maelezo. Kama huna pesa za UPS, betri ya akiba, ya kila mashine, nunua moja yenye waya wa USB, uichomekee seva, swichi na ruta peke yake. Programu ya NUT au apcupsd, kutegemea aina ya UPS, inaisoma betri kupitia waya huo na kuzima seva kwa utaratibu kabla haijaisha. Jaribu kwa kuchomoa UPS ukutani mchana, ukiwa hapo. Betri yake huchoka baada ya miaka michache hata kama haitumiki, na wengi hugundua hivyo siku ya stima kwenda.

Jingine la bure kabisa liko ndani ya BIOS: mpangilio unaoamua mashine ifanye nini umeme ukirudi. Kwa kompyuta za wateja uache kwenye "Power Off". Stima inayorudi na kuondoka mara tatu kwa dakika tano huziwasha zote kwa pamoja na kuzikata zikiwa katikati ya kuwaka, na hapo ndipo Windows huharibika.

Kuna dalili ambazo amri hazitatui, na kwa hizo mwite fundi aje aone mashine. Diski ya kuzunguka ikianza kugonga kwa sauti ya "tik tik", zima na usiiwashe tena kwa majaribio. Kila kuwasha kunapunguza kinachoweza kuokolewa. Windows ikikagua diski kila inapowaka, au Ubuntu ikikutupa kwenye skrini nyeusi yenye "(initramfs)" na kukutaka uendeshe fsck, usiendeshe marekebisho kabla ya nakala kuchukuliwa. Mashine ikijizima ovyo, fungua Event Viewer, sehemu ya System: tukio namba 1074 lina jina la programu au mtu aliyeamuru kuzima, lakini 41 na 6008 maana yake ilikatika bila amri. Ukiona hizo mbili zinajirudia bila 1074, na stima haikupotea, mara nyingi chanzo ni pawasaplai, joto au ubao, na hapo kunahitajika vifaa vya kupima.

Fundi akija, mwambie mapema kwamba haruhusiwi kuformati chochote kabla hujaona nakala ikifunguka kwenye kompyuta nyingine. Akibadilisha diski, baki na ile ya zamani. Diski za saiba zina vitambulisho vilivyoskaniwa, vyeti vya kuzaliwa na PIN za KRA za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhesabu wewe, si fundi, kuwa mwenye dhamana yake.